SOMO: NG'OMBE NA JINA LAKE

Leo tuzungumze juu ya majina ya ng'ombe. Wengine watacheka: ng'ombe na jina, wapi na wapi? Lakini mwulizeni mfugaji yeyote mwenye ng'ombe wachache. Hatawaambia "yule wa tatu". Atataja jina, tena ataongeza na la mama yake.

Majina mengi hutoka kwenye rangi. Huko Ankole, Uganda, ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokolea huitwa Bihogo. Majirani zao wa Rwanda ndio waliozidi. Ng'ombe wa mfalme wenye pembe ndefu, waitwao inyambo, walitungiwa mashairi ya sifa. Tungo hizo huitwa amazina y'inka, yaani majina ya ng'ombe. Hata leo husikika arusini, wakati wa kutoa mahari. Msemaji husimama akamsifu ng'ombe mpaka watu wakapiga makofi.

Kwa Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini mambo hugeuka. Huko kijana ndiye huchukua jina la maksai wake ampendaye! Wenzake humwita kwa jina hilo, naye humtungia maksai nyimbo.

Je, haya ni mapenzi tu? Hapana. Wakamuaji wanajua kwamba ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa. Akisikia sauti aliyoizoea hutulia, na maziwa hushuka. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitangaza majibu ya wafugaji 516 waliowauliza. Penye kuita ng'ombe kwa majina, kila ng'ombe alitoa maziwa zaidi, kama lita 258 kwa msimu mmoja wa kukamuliwa. Si kwamba jina linatia maziwa kiweleni, la! Anayemwita ng'ombe kwa jina ni mtu anayemwangalia kwa karibu. Asubuhi asipokula, atamwona.

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunaweza kuongeza kitu ambacho bibi zetu wengi hawakuwa nacho: daftari. Tuseme ng'ombe wenu anaitwa Mabaka. Andikeni jina lake juu ya ukurasa. Kama ana hereni ya namba sikioni, andikeni na namba hiyo. Chini yake andikeni tarehe aliyopandwa. Baada ya siku 21 hivi mwangalieni vizuri. Asipotaka dume tena, huenda ameshika mimba. Basi hesabuni miezi tisa na siku kama kumi tangu alipopandwa, mtajua lini atazaa. Miezi miwili kabla ya hapo acheni kumkamua, apate nguvu. Chanjo na maradhi yaandikwe pia. Hapo hata baba akisafiri, mama au mtoto atafungua daftari na kumweleza bwana mifugo habari zote za Mabaka.

Ndama akizaliwa, mpeni jina siku hiyo hiyo na mwanzishieni ukurasa wake. Mstari wa kwanza uwe jina la mama yake.