Ubongo Nao Unaugua Mlimani

Je, unajua kwamba ukipanda Kilimanjaro haraka ubongo wako unaweza kuvimba? Kileleni Uhuru, mita 5,895, pumzi moja inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani. Usijidai eti wewe mtoto wa Marangu umezoea! Marangu haifiki hata mita 2,000.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu na chakula kutopita. Hapo usipande zaidi. Lakini mwenzako akianza kuyumba kama mlevi na kuongea ovyo, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Panadol hupunguza maumivu tu, uvimbe uko palepale.