Dondoo muhimu: Tovuti isiyomchosha msomaji

Seva ikiwa Frankfurt na msomaji yuko Mombasa, kila picha inavuka bahari kabla ya kufunguka. Mtandao wa usambazaji kama Cloudflare, wenye vituo Nairobi na Mombasa, huweka nakala karibu naye, na siku watu wakifurika, seva haielemewi.

Anza na picha, CSS na JavaScript: zipe max-age=31536000, yaani nakala ihifadhiwe sekunde hizo, mwaka mzima. Ukibadilisha faili, badilisha na jina, msomaji asibaki na nakala ya zamani: mtindo-v2.css. Kurasa za akaunti na malipo ziwekee no-store, yaani zisihifadhiwe nakala, la sivyo mteja anaweza kufunguliwa salio la mwenzake (na hapo utajieleza mpaka uchoke).

Kisha angalia mstari wa cf-cache-status kwenye majibu ya seva. Picha ileile ikirudisha MISS (nakala haikupatikana) kila mara, mipangilio yako haijakaa sawa.