Mlenda Niliomwaga

Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka 29, sehemu kubwa katika shule ya bweni ya wasichana iliyopokea watoto wa kila pembe ya Tanzania. Mimi ni Mchaga wa Rombo, na miaka ya mwanzo sikujua kwamba hilo lilihusiana kwa namna yoyote na kazi yangu. Nilidhani nafundisha lishe. Kumbe nilikuwa nafundisha jiko la mama yangu, nikiongezea skonsi na sosi nyeupe tulizorithi kwenye vitabu vya Waingereza. Wewe unayeanza sasa, unayetaka matokeo ya darasa lako yatajwe mkoani, chukua makosa yangu bure. Mimi niliyalipia.

1. Onja kabla ya kutoa alama

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa vitendo, kidato cha nne. Swali lilitaka mlo wa mchana wenye mboga za majani. Msichana mmoja wa Mpwapwa akasonga ugali wa uwele, akapika na mlenda wa majani makavu, wenye karanga na magadi kidogo. Nikapita na karatasi yangu ya alama. Kwenye kipengele cha umbile nilikuwa nimeandika: mboga zisirojeke. Nikachota mlenda ule kwa uma. Kwa uma, jamani! Ukavutika kutoka kwenye bakuli, ukapanda, ukanidondokea kwenye koti jeupe nililopiga pasi asubuhi ile. Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikampa 6 kwa 20, nikamwambia akamwage.

Alirudi na bakuli tupu, macho chini. "Samahani mwalimu, mlenda usipovutika ndio umeharibika."

Nilimfukuza jikoni kwa ujeuri. Likizo ile, nikisubiri basi Dodoma, nilikaa kwenye banda la mama lishe mmoja. Akapekecha chungu chake, akainua upekecho, akautazama uzi ukishuka, akatikisa kichwa, akarudia kupekecha. Nikabaki nimeduwaa na kikombe changu cha chai. Kitendo kile nilikuwa nakifundisha mwenyewe kila mwaka: ndivyo tunavyopima shira ya kaimati, tunatazama uzi wake. Yule mama alikuwa na kipimo, na mwanafunzi wangu alikuwa na kipimo. Asiyekuwa nacho alikuwa mimi, na ndiye aliyeshika kalamu nyekundu.

Tangu hapo, kabla hawajawasha moto, nilimwuliza kila mmoja: chakula chako kikiiva vizuri kinakuwaje? Jibu lake nililiandika kwenye karatasi ya alama, na hilo ndilo nililompimia.

2. Heshima si kunyamaza

Aibu ile ilinipeleka upande wa pili. Kwa mwaka mzima nikasifu kila kitu. Kundi moja likamimina kijiko kizima cha magadi kwenye makande na mimi nikatabasamu tu. Nilijua vizuri kwamba magadi hulainisha nafaka na kunde haraka na kuokoa kuni, lakini huharibu vitamini B1, na kwenye majani huondoka na vitamini C. Nilinyamaza nisije nikaonekana nadharau makande ya watu wa Same. Aliyenishtaki ni msichana wa Same mwenyewe: "Mwalimu, kitabu kinasema magadi yanaharibu vitamini. Mbona sisi hutuambii?"

*Sisi.* Kumbe ukimya wangu aliusoma kama dharau.

Tukapika vyungu viwili, kimoja cha maharage na mahindi yaliyolowekwa usiku kucha, kingine cha magadi. Cha magadi kiliwahi kuiva. Wakabishana kuhusu kuni, vitamini na subira ya bibi zao hadi kengele ikalia, nami nikapata kipindi kizuri kuliko vyote vya muhula ule bila kufungua mdomo.

3. Tumbo nalo lina kwao

Hili sijajisamehe. Msichana wa Newala alikuwa akikataa kastadi kila tulipopika. Alisema maziwa yanamsumbua tumbo. Nikamwita mjanja, nikasimama mbele yake mpaka kikombe kikaisha. Usiku ule alikesha njia ya chooni, na matroni akaja kunigongea.

Mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba uwezo wa mtu mzima kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa, ulitokana na mabadiliko ya jeni yaliyoenea kwa wafugaji wa huku kwetu, tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Binadamu wengi wakishakua hawaisagi vizuri. Kwa hiyo binti yule hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na tumbo la kawaida kabisa, na kitabu changu kilikuwa cha watu wa maziwa. Alikuwa ameshaondoka shuleni zamani nilipolisoma hilo. Kuanzia hapo, kwenye somo la madini ya chokaa, dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao nikawaandika mstari wa kwanza, na mtindi mstari wa pili.

4. Kitambaa kinaweza kusema

Niliagiza kila mmoja alete kanga kuukuu tushone aproni. Msichana wa Pemba alikuja na kanga ya bibi yake, akaikumbatia. Alisema kanga ni doti. Ukikata moja, mwenzake umemfanya mjane. Nikamwambia kitambaa ni kitambaa. Ili kumwonyesha jinsi ilivyo rahisi, nikachukua kanga yangu na kuikata palepale bila kutazama jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Nilipomaliza kushona, nikaivaa kwa mbwembwe na kuwageukia. Katika maandishi yote yale, kifuani lilikuwa limesalia neno moja: HAFAI.

Safari hii walicheka mpaka wakalia. Kipindi kilichofuata yule binti ndiye aliyefundisha: huu ndio mji, hili pindo, hapa jina, na mkasi upite wapi ili pindo liwe mapambo ya aproni. Mimi nilishika futi.

5. Mwanafunzi si balozi

Nikadhani sasa nimeiva. Nikamwita mbele msichana wa Kimasai atueleze maziwa yanavyohifadhiwa kwenye kibuyu. Akasimama muda mrefu. "Mwalimu, mimi nimekulia Arusha mjini. Kwetu tunanunua ya pakiti."

6. Huna haja ya kukipenda

Msichana wa Bukoba aliwahi kuniletea senene wa kukaanga kwenye chupa ya jemu. Nikawala, nikaomba wengine. Mlenda umenishinda mpaka leo. Miaka yangu ya mwisho kazini akaja mwingine wa Dodoma, akaupekecha, akainua upekecho, na uzi ukashuka mrefu bila kukatika. Nikaonja, kwa kijiko. Nikaandika 18 kwa 20, nikatoka nje kutafuta maji.