Kaluvu: Asali, Sukari au Sumu?

Kaluvu, pombe ya kienyeji ya Wakamba, bado haikosekani kwenye ntheo (sherehe ya ndoa ya kimila) na vikao vya wazee hapa Kasikeu, Makueni. Ya asili ni asali, maji na miatine, yale matunda ya mwegea yaliyochemshwa na kukaushwa, ambayo nyuzi zake hubeba hamira kutoka pombe moja hadi nyingine. Huwekwa penye joto kwa siku chache ichachuke.

Ikiwa njema hunukia asali na povu lake ni jepesi. Ikilala sana hugeuka siki. Wengi sasa hutia sukari kwa sababu asali ni ghali. Hiyo ni kaluvu hafifu, usiilipie bei ya asali, ila sukari peke yake haiui mtu.

Tunachohofia ni kingine. Hamira huanza kufa kileo kinapokaribia asilimia 15, kwa hiyo kaluvu inayochoma koo kama spiriti, au inayomwangusha mtu kwa nusu kikombe, imeongezwa kitu. Kikiwa ni methanoli, kileo cha viwandani, ulimi wa mnywaji mzoefu hautambui. Hata wanaowasha kiberiti kutazama rangi ya mwali wanajidanganya: ikichanganywa na pombe nyingine, mwali hausemi lolote. Machakos mwaka 2005, kisha Embu, Kiambu na Kitui mwezi Mei 2014, pombe ya namna hii iliua makumi ya watu na kupofusha wengine. Nao hawakuwa wageni wa pombe.

Basi mchunguze muuzaji kuliko kikombe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji, lakini kwa leseni. Mpishi wa kweli hukuonyesha miatine yake na kukutajia asali imetoka mzinga upi. Jerikeni iliyoletwa usiku, isiyojulikana imepikwa wapi, iache hata ukipewa bure.

Dalili za sumu hiyo huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, mtu akidhani ni uchovu wa pombe tu: kichwa, tumbo, kutapika, macho kuona ukungu. Usimnyweshe maziwa wala usimwache alale eti pombe ipungue. Mkimbizeni hospitali, Sultan Hamud au Wote, usiku huohuo, na mbebe kinywaji kilichobaki. Matibabu yapo, lakini hufaa yakiwahi. Waliokunywa naye waende pia, hata wanaojihisi wazima.