NANI ALIKULA KARANGA ZA MAMA? Kujinasua na tabia ya kutafuna tafuna mbele ya TV



Kijana mwenzangu, leo naomba tuongee habari ya kitu kidogo sana. Ni kidogo kiasi kwamba wengi wetu hatujawahi kukitaja hata kwenye kitubio. Ni ile tabia ya kutafuna tafuna mbele ya TV. Mpira unaanza, karanga zinaletwa. Tamthilia inaanza, bisi zinaletwa. Filamu haijafika katikati, pakiti ya krispi imeisha na mkono bado unapapasa chini kutafuta mabaki. Najua utasema, "Frateri, na hili nalo ni la kutafakari?" Ndiyo, ni la kutafakari. Ngoja nikupe kisa changu.

Kisa chenyewe

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama yangu hukaanga karanga, huzifunga kwenye pakiti ndogo ndogo za shilingi 200, halafu asubuhi anazipeleka kwenye genge lake. Usiku beseni la karanga hukaa sebuleni, pembeni ya kochi. Sasa usiku mmoja kulikuwa na mechi ya Ligi ya Mabingwa, wenzangu wote wameshalala. Nikafungua pakiti moja, nikajisemea kesho nitamlipa Mama. Pakiti ya pili naikumbuka kidogo. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Mechi ilienda mpaka dakika za nyongeza, timu yangu ikafungwa, nikaenda kulala nimenuna.

Asubuhi Mama akahesabu mzigo wake. Pakiti 11 hazipo. Akamwita mdogo wangu wa darasa la sita: "Wewe mdokozi, njoo hapa!" Dogo akaapa kwamba hajagusa. Mama akanyoosha kidole kwangu, nimekaa na kitabu changu cha Masifu ya Asubuhi, akamwambia, "Unadanganya mbele ya Frateri?"

Na mimi, ndugu yangu, nikanyamaza.

Sikunyamaza kwa hila. Kwa kweli hesabu yangu kichwani ilikuwa pakiti mbili, labda tatu. Nikawa najiuliza na mimi, hizo nyingine kala nani? Mpaka nilipoinua mto wa kochi nikavikuta vifuko vitupu, nikavihesabu kimoja kimoja: 11. Nilimwendea Mama, nikamwita na Dogo, nikasema ukweli, nikaomba msamaha na kulipa shilingi 2,200. Mama alicheka, "Kwani huko seminari wanawanyima chakula, baba?" Dogo hakucheka. Aliniambia tu, "Kaka, ungenyamaza ningechapwa mimi."

Neno hilo nimerudi nalo seminari.

Tatizo si karanga

Tuelewane mapema. Karanga ni njema, Mungu ndiye aliyeziumba. Kuangalia mpira si dhambi. Kukaa na familia mkatafuna mihogo na kucheka pamoja ni jambo zuri, tena ni zawadi. Bwana wetu mwenyewe alikaa kwenye karamu, mpaka wapinzani wake wakamwita mlafi (Mt 11:19).

Kilichonitisha si wingi wa karanga. Kilichonitisha ni kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye beseni mara 11 na mimi sikuutuma.

Darasani, kwenye falsafa ya maadili, tulifundishwa kutofautisha mambo mawili. Kuna tendo ambalo mtu analifanya kwa akili na utashi wake, na kuna jambo linalotokea tu ndani ya mtu, kama kukohoa usingizini. Lile la kwanza ndilo tendo la kibinadamu hasa, maana mtu anajua anachofanya na anakitaka. Sasa kula kwangu usiku ule kulikuwa wapi? Kulishakuwa kama kukohoa usingizini! Lakini sikuweza kujitetea kwa hilo, kwa sababu mwanzoni nilikuwa macho kabisa. Ni nani aliyechagua kukaa pembeni ya beseni? Ni mimi. Ni nani aliyefungua pakiti ya kwanza? Ni mimi. Mlango niliufungua kwa hiari yangu, hata kama yaliyofuata yaliingia yenyewe.

Na TV ina sehemu yake hapa. Mt. Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana aliyekwenda Roma kusoma sheria. Rafiki zake walimvuta kwa nguvu kwenda kuangalia watu wakipigana mpaka kuuana uwanjani. Alipio akaamua: nitakaa hapo lakini nitafumba macho. Akafumba kweli. Ghafla umati ukapiga kelele, akafumbua macho mara moja tu, na kuanzia hapo hakuwa tena yule aliyeingia. Aliondoka amenasa, akawa anawavuta na wengine.

Mechi yetu si mauaji, sawa. Lakini kanuni ni ile ile: macho na masikio yakishikwa, mwenye nyumba anakuwa hayupo, na mkono unafanya unavyotaka. Ndiyo maana tukila huku akili iko kwenye TV huwa tunakula zaidi, na baadaye tumbo linadai tena kana kwamba halikupewa kitu.

Je, ni dhambi?

Hapa tuwe makini, tusiingize watu kwenye hofu zisizo na maana. Kanisa linautaja ulafi kati ya mizizi saba ya dhambi (KKK 1866). Mt. Thoma wa Akwino anafafanua kwamba ulafi si hamu yoyote ya chakula, bali ni hamu isiyo na utaratibu, isiyofuata akili. Akimfuata Mt. Gregori Mkuu, anaonyesha kwamba mtu anaweza kukosea katika kula kwa namna tano: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kutaka mapishi ya madoido. Jipime mwenyewe mbele ya TV. Mimi nilijikuta kwenye tatu.

Kwa kawaida makosa haya ni madogo. Hakuna anayekwambia pakiti ya krispi itakutenga na Mungu. Lakini angalia kosa dogo lilivyozaa kwangu: nilikula mali ya mtu, nikanyamaza, na mtoto asiye na hatia akakaribia kuchapwa. Esau naye aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu (Mwa 25:29-34). Sidhani kama aliamka asubuhi ile na mpango huo.

Halafu kuna kundi ambalo somo hili haliwahusu kwa namna hii. Kama una vidonda vya tumbo au kisukari na daktari amekuambia ule kidogo kidogo mara nyingi, kula kwa amani. Na kama chakula kimekuwa mateso kwako, unajinyima mpaka unadhoofika au unakula kwa siri na kujichukia, usijiongezee mfungo. Zungumza na mtu unayemwamini, na uende hospitali. Kiasi ni fadhila ya kuutunza mwili, si ya kuuadhibu.

Msichana aliyetumwa kuchota divai

Katika Maungamo hayo hayo kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Tunamfahamu Mt. Monika kama mama wa machozi na sala. Lakini Augustino hakuficha udhaifu wa mama yake wa ujanani. Monika alikuwa binti mwenye malezi mazuri, na wazazi wake walikuwa wanamtuma kuchota divai kwenye pipa. Kabla ya kumimina, akawa anagusa kidogo kwa ncha ya midomo. Hakuwa na kiu ya pombe, ulikuwa utundu wa ujana tu. Kesho akaongeza kidogo. Keshokutwa kidogo tena. Mwisho akawa anakunywa karibu kikombe kizima, tena kwa hamu.

Ona basi, huyo ni mtakatifu! Na alikuwa anadokoa kama mimi na wewe.

Alitokaje? Siku moja aligombana na kijakazi aliyekuwa anaongozana naye pipani, na yule kijakazi kwa hasira akamwita mlevi. Neno likamchoma. Monika akajitazama, akaona ni kweli, akaacha. Augustino anaona hapo mkono wa Mungu, anayeweza kutumia hata ulimi wa mtu mwenye hasira kumponya mtu mwingine.

Wahenga wetu walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Walisema pia udongo uwahi ungali maji. Monika aliuwahi. Kwangu mimi kijakazi alikuwa Dogo. Kwako ni nani? Labda kuna mtu nyumbani ameshakuambia neno ukakasirika. Lirudie leo bila hasira.

Tufanye nini sasa?

Aristotle alifundisha kwamba hatupati fadhila kwa kusikiliza mihadhara, bali kwa kutenda, kama mjenzi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Ushahidi ninao: mtihani wa Aristotle nilifaulu, mtihani wa karanga nikafeli. Kwa hiyo haya ni mambo ya kutenda.

1. *Tenganisha mahali.* Chakula kiwe na mahali pake na TV iwe na mahali pake. Ukitaka kula karanga, kaa mezani au kwenye mkeka, ule ukiwa unajua kwamba unakula. Ukimaliza, rudi kwenye mechi. Hii peke yake inaondoa nusu ya tatizo, kwa sababu mkono hautakuta kitu.

2. *Usikae na pakiti wala beseni.* Kama mna wageni na vitafunwa lazima viwepo sebuleni, weka chako kwenye kibakuli. Kikiisha, kimeisha. Pakiti haina mwisho unaoonekana, kibakuli kinao.

3. *Ishara ya Msalaba kwanza.* Hapa ndipo penye dawa yenyewe. Tunabariki ugali wa mchana, lakini ni nani anayebariki krispi? Anza leo: chochote kinachoingia kinywani, hata ubuyu, kitanguliwe na Ishara ya Msalaba na neno la asante. Ukiongeza mara ya pili, fanya tena. Utaona kwamba huwezi kubariki bila kuamka. Mkono unaokwenda kwenye paji la uso ni ule ule uliokuwa unakwenda kwenye beseni, ila sasa umetumwa.

4. *Jiulize: hii ni njaa kweli?* Mara nyingi si njaa. Ni uchovu, upweke, au mawazo ya ada na ajira. Kunywa maji, subiri kidogo. Kama ni njaa, nenda ukale chakula. Kama ni upweke, karanga haziwezi kukaa na wewe. Mpigie rafiki yako, au mwambie Yesu hivyo hivyo ulivyo.

5. *Upe mkono kazi.* Kunja nguo, chambua mchele, shona kifungo.

6. *Ukianguka, usiseme "basi, si nimeshaanza."* Hilo ndilo neno linalomaliza pakiti nzima. Simamia hapo hapo katikati. Nusu pakiti iliyobaki ni ushindi.

Na kwa kuwa Ijumaa zote za mwaka ni siku za toba katika Kanisa, anza na Ijumaa. Hela ya soda na krispi uliyoiacha, mpe mwenye njaa siku hiyo hiyo, isilale mfukoni. Kujinyima kusikomfikia jirani kunabaki kuwa kubana matumizi tu.

Kinywa ni kile kile

Neno la mwisho. Kabla ya kugawa mikate, Yesu alishukuru (Yn 6:11). Hata jina Ekaristi maana yake ni shukrani. Jumapili utasimama kwenye foleni, utaambiwa "Mwili wa Kristo," utajibu "Amina," na utakula. Kinywa ni kile kile kilichotafuna Jumatatu hadi Jumamosi. Kikizoea wiki nzima kupokea bila kujua kinachopokea, Jumapili kitajifunza wapi kutambua? Baada ya kisa cha karanga nilijiuliza ni Komunyo ngapi nimezipokea kama zile pakiti, ya kwanza naikumbuka na nyingine sizikumbuki. Swali hilo bado linaniuma.

Likizo hii nikiwa nyumbani, siku ya mechi huwa nakaa mkekani na Dogo, tunamchambulia Mama karanga mbichi, zilizooza tunatupa. Mikono ina kazi, na Mama asubuhi akihesabu, hesabu inakaa sawa.

Maswali ya kujitafakari

- Mara ya mwisho nilipotafuna kitu mbele ya TV, nakumbuka nilikula kiasi gani?
- Kuna mtu amewahi kulaumiwa au kukosa fungu lake kwa sababu yangu? Nimemwomba msamaha?
- Komunyo yangu ya Jumapili iliyopita niliipokea nikiwa macho?

Azimio la wiki: Sitatia kitu kinywani kabla ya Ishara ya Msalaba.

Sala: Ee Bwana Yesu, uliyeona njaa jangwani na usimtii mshawishi, uamshe moyo wangu. Nifundishe kula nikijua, kuacha nikiweza, na kushukuru kwa kidogo na kwa kingi. Mt. Monika, uliyeyashinda mazoea ya ujanani, utuombee. Amina.

Nikutakie wiki njema. Uniombee na mimi, mdokozi niliye safarini.