NENO "NYONGEZA" NA MAANA ZAKE

Lipo neno moja ambalo kila mtu hulitumia sokoni, kazini na kanisani bila kulitazama vizuri. Neno hilo ni "nyongeza". Twalieleza katika ukurasa huu si kwa ajili ya kupamba lugha, bali kwa sababu Wakristu si wachache wanaovunjika moyo katika maisha ya roho kwa kulitumia mahali lisipofaa. Husema: "Nimesali miaka hii yote, nimepokea sakramenti, wala sioni nyongeza yo yote." Na wengine, wakiisha kusema hivyo, huacha.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kuongeza ni kutia kitu kutoka nje juu ya kitu kilichopo: chumvi katika mchuzi, tofali juu ya tofali. Kile kilichopo hakitendi neno, hutendewa tu; na kile kilichotiwa ndicho nyongeza. Kwa hiyo kurasa zinazotiwa mwishoni mwa kitabu huitwa nyongeza. Vivyo hivyo mpira wa mashindano usipopata mshindi katika dakika 90, wachezaji hupewa dakika 30 za nyongeza: hazikuzaliwa na mchezo, zimetolewa na kanuni. Neno "maongezi" lisitudanganye kwa sauti yake. Hilo ni la kuongea, yaani kuzungumza. Ingawa wako watu ambao maongezi yao ni nyongeza tupu juu ya mambo yaliyotukia.

Sokoni neno hili lina pande mbili. "Ongeza!" asema mwuzaji, akitaka bei ipande. "Niongeze!" asema mnunuzi kibaba kikiisha kujaa, naye hutaka konzi moja juu yake. Konzi hiyo ni hisani. Mwuzaji akiinyima hajamdhulumu mtu, maadamu kibaba chake ni halali. Lakini kama kibaba kimebonyezwa kitako, konzi ile si nyongeza hata kidogo. Ni haki ya mnunuzi mwenyewe, amerudishiwa kwa tabasamu.

Yafaa kupima kwa kibaba hichohicho ile inayoitwa nyongeza ya mshahara. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba juu ya mapatano ya tajiri na mfanyakazi iko haki ya asili, nayo yadai ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwadilifu asiye na anasa. Basi, ikiwa ujira ulikuwa chini ya kiasi hicho, tajiri anayeupandisha hatoi zawadi. Ameanza kulipa deni. Nasi tulio na wasichana wa kazi majumbani tusidhani kwamba maneno haya yahusu viwanda peke yake.

Tukitaja deni, yatupasa kutaja na riba. Neno hilo tumelipata kutoka kwa Waarabu, na mzizi wake katika lugha yao una maana ya kuongezeka. Mtu akikopa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, na riba isiyolipwa ikatiwa katika deni, mwisho wa mwezi wa nne atadaiwa shilingi 20,736. Huko Tanzania watu wameipa mikopo ya kuumiza namna hii jina la "kausha damu", na jina limekaa mahali pake. Lakini sikilizeni jinsi tunavyosema: "Deni limekua." Twasema kana kwamba deni ni kitu chenye uhai, kilichokua chenyewe usiku tulipolala. Halina uhai. Kila shilingi iliyo juu ya zile 10,000 imetiwa hapo kwa kalamu ya mtu, naye mtu huyo atatoa hesabu yake.

Hapo tumefika penye neno la pili, nalo ndilo hasa tulilolitafuta: kukua. Hukua kilicho hai: mtoto, ndama, mnazi. Kinachokua hakitiwi kitu juu yake kama tofali. Hula, na chakula hugeuka kuwa mwili wake mwenyewe. Mtoto wa miaka saba si mtoto wa miaka mitatu aliyebandikwa minne. Ni yuleyule, mzima, aliyekuwa mkubwa. Mwinjili Luka (2:52), anapotusimulia maisha ya Yesu huko Nazareti, atueleza jinsi alivyokua, wala hahesabu alivyoongezewa.

Je, mapendo ya Mungu rohoni mwetu huongezwa au hukua? Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza swali hilo waziwazi katika kitabu chake kikubwa cha Summa, sehemu ya pili ya Pili, swali la 24. Jibu lake ni kwamba mapendo hayaongezeki kwa kutiwa pendo juu ya pendo. Huongezeka kwa kuwa mtu huyashiriki zaidi, nayo huzamisha mizizi ndani zaidi ya roho yake. Kisha auliza tena: je, kila tendo la mapendo huyaongeza papo hapo? Hapa wengi tungejibu, "Ndiyo." Yeye ajibu kwamba sivyo. Kila tendo huitayarisha roho, na tendo moja humfanya mtu awe mwepesi kwa tendo lingine. Hata siku moja hujitahidi kwa tendo lenye nguvu zaidi, na hapo mapendo hukua kweli. Mfano wake ni wa mimea. Mmea hauongezeki kimo kila dakika. Kwa muda asili hufanya kazi ya kutayarisha, wala jicho halioni neno, ndipo baadaye hukitokeza kile ilichokuwa ikikitayarisha.

Mkulima wa mahindi hahitaji kufundishwa jambo hili. Mhindi ukiisha kuchipua, sehemu ile inayozaa majani na shina hukaa chini ya udongo kwa majuma matatu au zaidi. Juu huonekana majani machache tu. Mtu asiyejua kilimo angesema shamba limelala. Naye mwenye haraka akiling'oa ili atazame, hatavuna.

Basi yule asemaye, "Sioni nyongeza," huenda anasema kweli, kwa sababu anatafuta kitu kisichokuwapo. Rozari zaweza kuongezwa: mwaka jana moja kwa siku, mwaka huu mbili. Ni jambo jema, lakini ni hesabu ya rozari. Ajiulize badala yake: Nikitukanwa na jirani, uchungu wanikalia siku ngapi, nao ulinikalia siku ngapi zamani? Mgonjwa wa nyumbani akiniita usiku mara ya tatu, naamka na sauti gani? Hata hapo asijipime kila juma.

Hutukia pia mtu akatia hofu ya upande wa pili, kwa kuikumbuka methali isemayo "bandu bandu huisha gogo". Adhani kila dhambi ndogo hubandua kipande cha mapendo. Tomaso huyohuyo afundisha kwamba dhambi ndogo haziyapunguzi mapendo yenyewe namna hiyo; lakini humzoeza mtu na kumwelekeza kwenye dhambi ya mauti, ambayo huyapoteza yote mara moja. Kwa hiyo dhambi ndogo zisidharauliwe. Wala aliyeungama zilezile kwa mwezi mzima asifikiri kwamba gogo limebaki nusu.

Juu ya neno "kuzidi" tuseme machache. Hilo lalinganisha kitu na kipimo chake, na mara nyingi lina lawama: maji yamezidi unga, mgonjwa amezidiwa, fulani amezidi. Mapendo ya Mungu hayana kipimo cha juu katika maisha haya, kwa hiyo hakuna awezaye kuambiwa kwamba amezidi kuwa nayo.

Mwenye kusoma kwa makini atauliza: Mbona basi Mitume walimwomba Bwana awaongezee imani (Luka 17:5)? Waliomba sawasawa. Kwa upande wake Mungu, neema ni kitu atoacho Yeye, wala haikutoka kwetu. Na Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha sita mwaka 1547, ulifundisha kwamba wenye haki huongezewa haki ile waliyoipokea, imani ikitenda pamoja na matendo mema. Kwa upande wetu sisi tunaopokea, jambo hilohilo ni kukua. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto habari zake na za Apolo (1 Kor. 3:6-7), aziunganisha pande hizo mbili: mmoja alipanda, mwingine alitia maji, na Mungu ndiye aliyekuza. Kukuza ni kumfanya mwingine akue.

Kanuni ya 32 ya kikao hicho cha Trento hulitaja ongezeko la neema pamoja na neno lingine lenye kuleta ubishi, yaani "kustahili". Hilo tutalitazama juma lijalo.