Furaha Yatoka Wapi?

Somo: Zaburi 32, Wafilipi 4:4–13

Wengi wetu husema, "Kahawa ikipata bei nzuri, nitafurahi." Lakini bei hupanda na kushuka, na furaha iliyotiwa ndani ya gunia huondoka pamoja na gunia. Paulo aliandika habari za furaha akiwa kifungoni.

Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walisoma Biblia na kuomba pamoja Namirembe, Uganda. Baadaye uamsho ulienea kutoka Gahini, Rwanda, hata ukafika huku kwetu. Waliookoka waliungama, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na jirani zao. Mali yao ilipungua, lakini waliimba.

Mara nyingi kinachotunyima furaha ni jambo tulilolificha: mpaka wa shamba uliosogezwa, deni lililokanwa, ndugu tusiyemsalimu. Daudi aliponyamaza alidhoofika. Alipoungama alipata raha.

Tufanye nini?
1. Mwendee uliyemkosea, kabla hujaikaribia Meza ya Bwana.
2. Rudisha kilicho cha mwenzako.
3. Kila jioni mshukuruni Mungu nyumbani pamoja.

Swali: Ni nani ambaye ukimwona njiani, wewe hupita njia nyingine?